Mwaka wa Mama wa Ng'ombe

Mwezi uliopita tulimzika Mama Mkubwa Nabintu huko Columbus. Baada ya maziko watu walirudi kwenye ukumbi wa parokia, upande wa Reynoldsburg, na binti mmoja mwenye adabu, wa hawa waliozaliwa hapahapa Marekani, aliniletea chai akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kwa hesabu ya ukoo jibu ni fupi: marehemu alikuwa mke wa kaka mkubwa wa baba yangu, basi, hatukuchangia hata tone la damu. Lakini ukilitoa jibu hilo kwenye msiba wa mtu aliyekufunza mpaka namna ya kukunja shuka, unajiona umesema uongo. Nikamwambia, "Ni habari ndefu, mwanangu," akacheka, akaenda kuwahudumia wengine. Habari yenyewe niliibeba kwenye gari kurudi Buffalo, njia yote ya kando ya ziwa, mume wangu akiendesha, watoto nyuma wakigombana kwa Kiingereza, na tulipofika nyumbani kwetu Riverside nikaona afadhali niiandike. Ni ya mwaka mmoja tu, mwaka wetu wa kwanza Louisville, nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Jinsi tulivyotoka kwetu Walungu, Kongo, kambi tulizopitia na waliobaki njiani, wazazi wangu wakiwamo, sitayasimulia. Mama Mkubwa mwenyewe hakupenda kuyasimulia. Alikuwa akisema mtu akikuuliza habari hizo kabla hajakupa kiti, usimjibu. Basi nianzie sebuleni. Mimi na Mama Mkubwa tulipewa fleti ya vyumba viwili kusini mwa mji, ghorofa ya chini, yenye zulia la rangi ya mchanga lililoungua na pasi ya wapangaji waliotutangulia, na juu ya mlango wa jikoni kidude cha kunusa moshi ambacho kilikuwa adui wa Mama Mkubwa. Kila alipokaanga sambaza, wale samaki wadogo wakavu wa duka la Waafrika, kidude kilipiga kelele, naye akakipungia kikwembe chake cha kujifunga kiunoni, akikisihi kama mtu: "Bon, nyamaza basi, tunakula tu." Watu wa kanisa walituletea makochi, vitanda, na kabati la droo lenye harufu ya dawa ya nondo. Mama Mkubwa hakukiamini kitu cha bure mpaka akisugue kwa sabuni, kwa hiyo alizitoa droo zote, na chini ya droo ya mwisho, kimetandikwa badala ya karatasi, kilikuwepo kitabu cha katuni.

Kilikuwa cha zamani sana. Jalada lake limepakwa rangi nzito kama picha za watakatifu kwenye kalenda za parokia: mwanamke amesimama kwenye lango la zizi, mkono juu ya komeo, nyuma yake ng'ombe wanateremka mlima, na mbele yake mwanamume wa kofia pana kashika bunduki. Ndani, kurasa zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa herufi ndogo iliandikwa kwamba hadithi imetolewa katika riwaya, na jina la riwaya likatajwa. Karatasi ya mwisho ilikuwa imechanwa, kwa hiyo hadithi iliishia pale mwanamke yule anapopanda farasi, bila kujulikana anaelekea wapi. Nilitaka kukitupa. Mama Mkubwa aliniwahi. Alikuwa ameona ng'ombe.

Yeye na Mama Josefina wa ghorofa ya juu walifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kufulia mashuka ya mahoteli. Mama Josefina alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye habari za kila nyumba zilimfikia kabla hazijaiva. Jumamosi hawakuwa na zamu, wakapika sombe kwetu, na sombe, anayeipika anajua, haina haraka. Majani ya muhogo yanataka kuchemka mpaka yasahau kwamba yalikuwa majani. Muda huo wa kungoja ndio uliokuwa wa kitabu. Mimi nilikaa kwenye zulia katikati yao, nikawasomea picha moja baada ya nyingine, nikigeuza maneno kwa Kiswahili chetu. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, cha miezi michache, na Kiingereza cha makauboi kilikuwa kingine kabisa. Nusu ya maneno kamusi haikuyajua. Mwalimu wangu nilipomuuliza alicheka, akasema siku hizi hakuna anayesema hivyo. Nilipokwama nilisema "hapa sijui", maana Mama Mkubwa hakupenda mtu wa kujazia. "Sema yenye iko," aliniambia. "Yenye haiko, acha." Leo kazi yangu ni kuwatafsiria wagonjwa na madaktari hapa Buffalo, na siku nyingine wazee wa nyumba ya kutunzia wazee kule Kenmore. Cheti nilipewa na wengine. Kazi nilifundishwa pale kwenye zulia, na kila ninapomwambia daktari "hapa sijui, ngoja nimuulize tena," namshukuru mwanamke ambaye hakuwahi kusoma Kiingereza chochote.

Ninavyoelewa sasa, kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya wavulana wa Kimarekani waliopenda bastola. Sisi tulikuwa Wakristo wa Walungu, watu wa ng'ombe, na tulikisoma kwa namna yetu. Mwanamke yule wa langoni, mjane, tulimwita Mama wa Ng'ombe. Mwanamume aliyetoka kaskazini kununua mifugo, akampenda, tulimwita Bwana Kofia. Kila kwenye risasi Mama Josefina alipunga mkono: "Geuza, geuza. Ya bunduki tunajua. Rudisha kwa ngombe." Tukirudi kwa ng'ombe, kesi ikaanza.

"Mwenye alichora hii hajakamuaka hata siku moja," alisema. "Angalia matiti yake. Iko karibu na miguu ya mbele!"

"Na zote rangi moja," alisema Mama Mkubwa, kidole juu ya kundi zima. "Utaita ngombe yako namna gani kama zote ziko rangi moja?"

Kwetu ng'ombe ana jina, na jina linatokana na rangi na pembe zake. Alichukua penseli yangu ya shule akaanza kuwatia madoa, huyu shingoni, huyu ubavuni, kila mmoja na jina lake, na majina hayo yalikuwa ya ng'ombe wa kweli waliokuwa wa mumewe. Siku ile alisema habari za kwao kwa mara ya kwanza tangu tulipofika. Hakulia. Alikuwa anacheka, anabishana na Mama Josefina kama ng'ombe mwenye pembe moja iliyopinda aweza kuwa kiongozi wa kundi. Nilijifunza siku hiyo kwamba mtu mwingine hafunguliwi kwa maswali, hufunguliwa kwa kumpa kitu cha kukosoa.

Kulikuwa na picha moja iliyotugombanisha majuma mengi. Mama wa Ng'ombe anaandaa chakula cha jioni. Mumewe amekufa tangu ukurasa wa kwanza, hana mtoto, hana mtumishi, lakini mezani ameweka sahani mbili. Mama Josefina alishikilia kwamba ya pili ni ya Bwana Kofia. "Mwanamuke akipika ya wawili, anajua mwenye atakuja." Mama Mkubwa alisema ni ya marehemu, maana mkono unachelewa kusahau. Mimi nilisema mchoraji amekosea tu, wote wawili wakanizomea. Hakuna aliyekubali kwamba mtu anaweza kuchora sahani bila mlaji.

Pasaka ile kwaya yetu ilialikwa Columbus kuimba pamoja na kwaya ya Wakongo wa huko, na ndipo alipoingia Papa Deo. Alikuwa mgane, kama Mama Mkubwa alivyokuwa mjane, mtu mrefu wa Uvira, mji wa ziwani, mfanyakazi wa ghala, sauti nzito ya besi, na kicheko kilichochelewa. Watu wakisha kumaliza kucheka ndipo yeye anaanza. Tulilala kwa dada yake Reynoldsburg, fleti iliyojaa magodoro sakafuni, na asubuhi yeye ndiye aliyetukaangia samaki wakubwa wa ziwani, amefunga taulo kiunoni, hana aibu ya jiko. Mama Mkubwa alikula, akajiongezea. Kwenye basi la kurudi akasema samaki walikuwa na chumvi nzuri, na Mama Josefina akanikanyaga mguu.

Baada ya hapo Papa Deo akawa anashuka Louisville Jumamosi moja moja, kwa gari dogo la kijivu, na kila mara na samaki wa kukausha. Siku ya kwanza alipokuta kitabu alikishika, akakitazama kwa heshima kama mtu aliyeonyeshwa picha za harusi za watu asiowajua, kisha akauliza, "Donc, hapa dume njo gani?" Mama Josefina alianguka kwenye kochi. Wote walikuwa majike. Mama Mkubwa alificha mdomo kwa kikwembe, mabega yanatikisika, na Papa Deo, baada ya kungoja kidogo kama kawaida yake, akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jina lake mbele ya wageni. Mama Josefina aliuliza tu, kwa sauti ya kanisani, "Bwana Kofia alipiga simu?" Au, "Mama wa Ng'ombe amefungua lango ao bado?" Na Mama Mkubwa, huku akikoroga chungu, akajibu kwa kitabu hichohicho: "Komeo iko nguvu." Kila mtu alielewa. Kwetu jambo zito halishikwi kwa mkono mtupu.

Lakini komeo hilo lilikuwa na mwenyewe. Papa Mdogo Kalisto alikuwa wa mwisho katika ndugu watatu: mume wa Mama Mkubwa, kisha baba yangu, kisha yeye, na yeye peke yake ndiye aliyebaki. Aliishi upande wa pili wa mji na mkewe na wanawe wawili, aliendesha forklifti ya kunyanyulia mizigo usiku, na kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu, akakaa kiti kilekile, akauliza kama friji linafanya kazi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo si kwa sababu amezeeka sasa na ananipigia simu kila Krismasi. Alikuwa mtu aliyebebeshwa ukoo mzima akiwa mdogo, na hakupata wa kumsaidia kuubeba. Wanawe aliwaeleza habari za ng'ombe wa baba yake wakamjibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu.

Jumapili moja nilikuwa naosha vyombo, na ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akisema, "Shemeji, sitakufunga. Kama moyo yako inakwambia uende kwa mutu ya samaki, mutu mwenye hajui hata ngombe inakulaka nini, mimi nitasema nini? Enda. Lakini mutoto ya kaka yangu habebwi. Mutoto ni ya nyumba yetu. Anabaki kwangu." Kisha nikasikia kijiko cha Mama Mkubwa kinazunguka kwenye kikombe, kinazunguka, sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Kwa desturi Papa Mdogo alikuwa sahihi, na sote tulijua.

Niliogopa. Nyumba ya Papa Mdogo ilikuwa nyumba njema, mkewe alinipenda, ningekula na kusoma. Lakini Mama Mkubwa ndiye aliyenibeba mgongoni wakati miguu yangu haikuweza tena, ndiye aliyejua kwamba nikinyamaza sana nina homa. Yeye alikuwa na nafasi ya kuolewa na mtu mwema, mimi nilikuwa bei yake. Nikaanza kuwaza kwamba kitabu kile kina jibu. Mtoto wa miaka kumi na sita huwaza hivyo: kama Mama wa Ng'ombe ameolewa mwishoni na mambo yakawa mazuri, basi hata sisi. Karatasi ya mwisho ilikuwa imechanwa, lakini riwaya ilikuwepo mahali fulani duniani. Nikaenda maktaba ya mtaa, nikaonyesha jina lake, mwanamke wa pale akaandika kwenye kompyuta, na baada ya siku kadhaa kikaja kutoka tawi jingine la mjini, kizito, bila hata picha moja.

Nilikisoma majuma mengi. Nilisoma kwenye basi, nilisoma kwenye foleni ya chakula shuleni, nilisoma na kamusi gotini mpaka maneno yakaanza kurudi yenyewe na kunisalimu. Nikasema nikisome chote, nisirukie mwisho, kwa sababu Mama Mkubwa angeniuliza yenye iko. Na katika sura za mwanzoni kabisa nilikutana na mtu ambaye sikumtarajia. Kulikuwa na msichana. Yatima, mtoto wa ndugu wa marehemu, anaishi na mjane, anakamua, anafunga lango, anakula naye kila jioni. Kwenye riwaya yupo karibu kila sura. Waliotengeneza katuni, nafikiri kwa kukosa nafasi, walimwondoa mzima mzima, ila mchoraji alisahau kuondoa sahani yake. Nilifunga kitabu nikatazama nje ya dirisha la basi, nikapitiliza kituo changu. Sikumwambia mtu, nikasema nimalize kwanza.

Jumamosi niliyoleta habari hiyo, Mama Josefina alikuwa amemwalika Papa Mdogo kuja kula sombe, kwa makusudi yake mwenyewe. Alikuwa amechoka na fumbo, alitaka liive. Papa Mdogo alikaa kwenye kiti chake, kofia gotini. Nikawaambia habari za msichana. Mama Mkubwa alikitwaa kitabu cha katuni, akafungua kwenye ile meza ya jioni, akatazama sana zile sahani mbili.

"Na mwisho?" aliuliza Mama Josefina. "Unamaliza kusoma?"

Nilikuwa nimemaliza jana yake. Mwisho haukuwa ule nilioutaka. Niliusema kama ulivyo. Bwana Kofia anarudi, Mama wa Ng'ombe anakubali, wanakusanya kundi kwenda kaskazini. Msichana anapelekwa mjini kwa jamaa wa marehemu, kwa sababu ni wa damu yao. Mwandishi anatoa sentensi chache tu juu ya jambo hilo: msichana anasimama kwenye ngazi, vumbi la ng'ombe linapita, basi. Ukurasa unaofuata ni wa harusi.

Papa Mdogo akaitikia kwa kichwa taratibu. "Unaona," alisema, si kwa ubaya. "Ata Bazungu banajua desturi."

Mama Mkubwa alikifunga kitabu. "Mwenye aliandika hii alibebaka ule mutoto kama kiti," alisema. "Kutoka mu nyumba hii, kutia mu nyumba ingine. Hakuna mutu mwenye alimuuliza. Mutoto alikamua, mutoto alifunga lango, na siku ya kuondoka hakuna mwenye anamuuliza." Akamgeukia Papa Mdogo, sauti ile ile ya chini. "Shemeji, weye unasema mutoto ni ya nyumba yenu. Ni kweli. Basi na mimi niko ya nyumba yenu. Siendi." Akainuka kwenda kukoroga chungu. Kidude cha moshi kikaanza kulia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekipungia. Papa Mdogo alikula sombe yake, akashukuru, akaondoka.

Nilidhani imekwisha, na ninakiri kwa furaha na kwa huzuni pamoja: nilifurahi kwamba sitaachwa, nikamwona Mama Mkubwa akikunja kikwembe kilichonunuliwa Columbus na kukiweka chini kabisa ya droo, na furaha ikaingia mchanga. Simu za Papa Deo ziliendelea, fupi. Alipoambiwa "siendi" hakubembeleza. Aliuliza swali moja tu ambalo Mama Mkubwa alinisimulia baadaye akiwa anashangaa: "Kalisto anapenda nini?"

Kila mwaka Wakongo wa Louisville walichanga kununua ng'ombe wa sikukuu, na aliyekwenda kumchagua alikuwa Papa Mdogo, hakuna aliyethubutu kumwingilia. Mwaka ule Papa Deo aliteremka kutoka Columbus asubuhi mapema, akaegesha nje kwa Papa Mdogo, akamwamkia kwa mikono miwili, akasema, "Muzee, mimi niko mutu ya samaki. Ngombe siijue. Unipeleke, unionyeshe." Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kiingereza. Tulikwenda shamba moja njia ya Shelbyville, la mzee wa Kizungu mwenye mbwa kiwete, na ng'ombe wake weusi walikuwa wametapakaa kwenye nyasi ndefu. Papa Mdogo, huenda kwa kumjaribu, akamwambia Papa Deo achague yeye.

Papa Deo alitembea kando ya uzio, mikono nyuma, kama padre anayekagua darasa. Alirudi akiwa na uhakika. "Ile pale," alisema. "Angalia tumbo. Imeshiba muzuri."

Papa Mdogo alitazama alikoonyeshwa. Akatazama tena. Kisha akashika uzio kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka kofia ikaanguka, mpaka mbwa akabweka, mpaka mwenye shamba akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumwambia kwa kucheka mimi mwenyewe. Ng'ombe yule alikuwa na mimba, karibu kuzaa. "Deo," alisema alipopata pumzi, "umetuchagulia mbili." Papa Deo aliwaza, akaelewa, naye akaanza, peke yake, wakati sisi tumekwisha kunyamaza. Sijawahi kumsikia Papa Mdogo akicheka vile kabla ya siku hiyo.

Tulikaa kule hadi mchana. Papa Mdogo alimfundisha: tazama mkia ulivyokaa, tazama macho, gusa hapa kwenye mbavu, huyu anacheua vizuri, yule kwato zinamuuma. Papa Deo aliuliza na kuuliza, makosa yake yakaanza kupungua. Nilikuwa nimesimama kando, sina cha kutafsiri, na niliona uso wa Papa Mdogo ukifunguka kama wa Mama Mkubwa siku ya penseli. Alikuwa na mambo yote hayo kichwani, na hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kumwomba hata moja. Kwenye gari la kurudi alisema, akitazama mbele, "Mutu mwenye anajua kuuliza, unaweza kukaa naye." Baadaye, tulipokaribia mjini: "Harusi iendelee. Ya mutoto, tutaona." Papa Deo alinitazama kwenye kioo, mimi nikatazama dirishani. Tutaona ya mzee wa kwetu mara nyingi ni hapana iliyovaa viatu. Mama Mkubwa alikubali siku ya mahari ipangwe, lakini neno lake la "siendi" hakulifuta.

Siku ya mahari sebule yetu ilijaa mpaka watu walikaa kwenye ngazi za nje. Upande wa Papa Deo walitoka Columbus na msemaji wao, blanketi, vitenge, chumvi, na samaki, lazima samaki. Upande wetu, kiti cha baba wa bibi harusi alikikalia Papa Mdogo Kalisto. Kwa desturi jambo hilo halipo, ndugu wa marehemu hamtoi mjane wa kaka yake kama binti. Lakini ndugu zake Mama Mkubwa walikuwa mbali, na Papa Mdogo alisema mwanamke aliyeshika nyumba yao miaka yote ile hawezi kutolewa na mgeni. Alikuwa amevaa suti. Alizungumza vizuri, kwa methali, akawasumbua wageni inavyostahili, akawauliza kama huko ziwani wana mahali pa kumweka mtu aliyezoea milima. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye zulia pembeni ya Mama Mkubwa, naye alikuwa amejifunika kitenge kipya, mkono wake juu ya bega langu, mzito. Hakuwa ameniambia kitu. Begi langu halikuwa limefungwa, wala halikuwa limefunguliwa.

Hapo linakuja swali ambalo kila mtu hulingoja. Anayemtoa bibi harusi humgeukia, mbele ya wote, amuulize kama vitu hivi vipokelewe. Bibi harusi hunyamaza kwanza, asionekane ana haraka. Papa Mdogo aliuliza mara ya kwanza. Kimya. Mama Josefina akakohoa. Akauliza tena: "Nabintu, batu wamekuja na vitu. Tupokee?"

Mama Mkubwa akafunua uso. "Mimi nilimaliza kusema yangu," alisema. "Muulize mutoto yangu."

Katika kikao cha namna ile huitwi jina tupu. Unaitwa mtoto wa fulani, na jina hilo likisha kutajwa mbele ya mashahidi halirudi. Mwaka mzima Papa Mdogo alikuwa akiniita mutoto ya kaka yangu. Msemaji wa Columbus alitazama viatu vyake. Papa Deo hakutazama popote. Papa Mdogo alipangusa goti la suti lisilokuwa na vumbi, akalipangusa tena. Kisha akainama kutoka kwenye kiti cha baba, akaja chini mpaka macho yetu yakalingana.

"Sifa," alisema, "mutoto ya Nabintu. Tupokee?"

Nikasema, "Mupokee, Papa," na Mama Josefina akapiga vigelegele kabla sijamaliza, na Papa Mdogo Kalisto akanyoosha mikono yote miwili, akapokea blanketi.